Pale Mama Alipokuwa Akivuta Pumzi

Karatasi ilisema pumzi yangu haitoshi. Haikusema kwa maneno mengi: ilikuwa na mchoro mmoja, safu mbili za tarakimu, na sentensi ya Kiingereza iliyomaanisha kwamba mtu huyu hafai kuvaa barakoa ya mtungi wa hewa. Mtu huyu ni mimi. Nina hasira za karibu, sifichi, na siku ile niliikunja karatasi mara nne nikaitia ndani ya kiatu cha kazi, nikaikanyaga njia nzima mpaka kempu, kwenye mabweni ya wafanyakazi tunakolala. Haikusaidia kitu, maana nakala ilikuwa imeshafika kwa sir.

Sir ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa ulinzi katika jengo moja refu la Dubai Marina, ambako kwa miaka minne nilikuwa nimesimama mlangoni. Kazi ya mlangoni si mbaya. Unasalimia, unafungua, unaandika namba za mafundi wanaoingia, unatabasamu hata kama visigino vinawaka moto. Lakini mwaka huo wenye jengo walitaka walinzi sita wafunzwe kuzima moto na kuwatoa watu kwenye moshi, wapewe cheti, na jina langu likawekwa kwenye orodha. Nililitaka jambo hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka tangu nitue nchi hii. Miezi michache kabla ya hapo, jiko la ghorofa ya kumi na nne lilikuwa limeshika moto, moto mdogo tu. Nilisimama kwenye ngazi nikimsikia mama mmoja akikohoa huko juu, na sikuruhusiwa kupanda kwa sababu sikuwa na kifaa wala mafunzo. Walimtoa wenye vifaa, akapona, na baadaye akatuletea keki. Keki niliila, lakini kile kikohozi hakikunitoka masikioni.

"Wiki moja," sir aliniambia. "Nenda hospitali nyingine uniletee karatasi nyingine. Ikisema yale yale, khalas, nafasi nampa mwenzako."

"Sir, mimi siumwi."

"Mashine ndiyo imesema, sister. Si mimi."

Kwa sisi tuliokuja huku kutafuta kazi, kifua si kitu cha kukisemea ovyo. Kila viza inapohuishwa tunapigwa picha ya kifua, na karibu kila mtu anamjua mtu aliyerudishwa kwao kwa sababu ya doa lililoonekana kwenye picha. Picha zangu zilikuwa safi siku zote. Hata hivyo wiki ile nililala nikijisikiliza mbavu, nikajikohoza makusudi bafuni ili nisikie kama kuna kitu kinachokoroma. Nilikuwa naogopa, na woga ukinishika mimi hugeuka hasira, kwa hiyo wenzangu wa chumbani walikula hasara.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mwimbaji. Naimba alto katika kwaya ya kanisa letu hapa Dubai, na mwalimu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi wa lifti, hupenda kutushindanisha kushikilia noti moja. Mimi huwa wa mwisho kunyamaza. Alitufunza kuitunza pumzi, kuitoa kidogo kidogo, na kubaki na akiba mpaka mwisho wa mstari. Jambo moja tu ndilo lililokuwa likitugombanisha. Kuna wimbo fulani ambao mimi huvuta pumzi katikati ya mstari wa tatu, mahali pasipo na koma wala pumziko. Kila mara alinisimamisha, na kila mara nilimwambia kwamba kwetu unaimbwa hivyo. Nilijifunza kwa mama yangu, jikoni kwetu, milimani magharibi mwa Kenya, yeye akiwa ameinamia mafiga na mimi nikimenya viazi. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwa miaka mingi. Nani angeniambia kwamba amekosea?

"Kwenu wapi huko," mwalimu alikuwa akinitania, "ambako watu wanachoka katikati ya sentensi?"

Siku yangu ya mapumziko nilipanda metro hadi Deira, nikashuka Al Rigga, nikapita hoteli na maduka ya viatu hadi hospitali ndogo iliyo barabara ya nyuma. Chumba cha kupimia pumzi hakikuzidi ukubwa wa stoo. Ndani yake alikaa mama mmoja mtu mzima, mtandio mweupe kichwani, miwani puani, na hina iliyokwisha kufifia kwenye vidole. Nilimwambia good afternoon, madam. Akachukua kitambulisho changu, akakisogeza karibu na miwani, kisha akakirudisha mezani.

"Mkenya wewe? Basi tuseme Kiswahili, mwanangu, mdomo wangu upumzike kidogo."

Nilishtuka hata nikasimama tena. Shikamoo ilinitoka kwa sauti ya darasani, maana kwetu bara hatuitumii sana. "Marahaba," akasema. "Kaa." Alikuwa mtoto wa familia ya Unguja, amekuja Dubai angali amebebwa, akasomea hapa na kuolewa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapauka hata kidogo. Aliuliza kama ninayo karatasi ya kipimo cha kwanza. Nikainama, nikavua kiatu, nikamkabidhi.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwenye kiatu, mama."

"Ndiyo, nnasikia harufu," akasema, akaikunjua kwa ncha za vidole.

Alinibana pua kwa kibanio, akanipa bomba la karatasi niliume kwa midomo, akaniambia nivute hewa mpaka nijae kisha nipulize. Nilivuta. Nilipuliza kama nilivyofunzwa, kwa utaratibu, sauti moja, bila kuyumba. Kwenye kioo cha kompyuta ukajichora mlima mdogo wa mviringo. Akaniambia nirudie. Nikarudia, mlima ule ule. Mara ya tatu nilitoa machozi, na mlima haukupanda hata kidole. Nilijua imekwisha. Nilimwona mwenzangu akivaa barakoa yangu, na mimi nikizeekea mlangoni.

Yule mama alinitoa kibanio puani, akautazama tena ule mlima kwenye kioo.

"Wewe unaimba?"

"Naimba."

"Kwaya?"

"Umejuaje?"

"Unanifichia pumzi, mwanangu."

Hapo nikapandwa. Nikamwambia nimepuliza mpaka machozi yamenitoka, sasa nifiche nini, nifiche wapi? Hakuniona kama mkosefu wa adabu, au aliniona akasamehe. Alicheka, akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya mbavu zangu mwenyewe.

"Vuta hewa. Unasikia panavyotoka nje? Hapo ndani kuna kiwambo cha nyama, kimetandwa baina ya kifua na tumbo. Mapafu yenyewe hayana nguvu ya kujivuta. Kiwambo kinashuka, mbavu zinapanda, kifua kinapanuka, na hewa inaingia yenyewe kwa kuwa pamekuwa na nafasi. Hivo ndivo unavopumua tangu siku uliozaliwa, na hujawahi kukishukuru hicho kiwambo hata siku moja."

Ni kweli, sikuwahi. Akaendelea, na mimi nikasahau kwamba nimekasirika. Alisema hewa inashuka kwa bomba moja la kooni, bomba linagawika mawili, kila moja linagawika tena na tena, mpaka vijibomba vinakuwa vyembamba kuliko uzi. Mwisho wa kila kimoja kuna vifuko vidogo mno, na ukuta wa kifuko ni mwembamba kiasi kwamba damu inapita ubavuni mwake ikachukua hewa safi na kuacha ile iliyotumika. Yote haya yanaendelea mtu akiwa amelala, akiwa anagombana, akiwa amesimama mlangoni anamfungulia madam na mbwa wake.

"Sasa mashine yangu hii," akasema, akiipiga kofi dogo kama mtu anayempenda punda wake, "inataka kujua mambo mawili. Umebeba hewa kiasi gani, na kiasi gani cha hewa hiyo umekitoa katika sekunde ya mwanzo. Mwenye njia zilizo wazi anatoa sehemu kubwa kwa pigo moja. Aliyebanwa inamtoka kidogo kidogo. Wewe umeitoa kidogo kidogo kwa ufundi wako, lakini mashine haiendi kanisani. Imeona hewa inachelewa, ikasema huyu kabanwa."

"Lakini nikiitoa yote kwa pigo moja nitabaki na nini?"

Niliuliza kwa dhati. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameniingiza lile neno akiba mpaka kwenye mifupa. Yule mama alivua miwani.

"Hata ukipuliza mpaka uone nyota, iko hewa inayobaki ndani yako. Hiyo huwezi kuitoa, wala mashine hii haiwezi kuiona. Imewekwa ili mapafu yasikunjamane. Akiba yako keshakuwekea Mungu mwenyewe. Wewe usijiwekee nyengine juu yake."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, kwa lugha tatu. Sikumbuki neno lililoniingia kama hilo, na lilitoka kwa Mwislamu aliyeshika kibanio cha pua.

Alinibana tena. "Haya, bismillahi. Hapana adabu humu ndani. Mate yakiruka, yaruke. Vuta, vuta, vuta... piga!" Nikapiga. "Toa! Toa! Usinibakizie! Toa, toa, bado, bado, bado!" Alikuwa amesimama, mikono hewani, akipiga kelele hata nesi akafungua mlango kuangalia kuna nini. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Kwenye kioo palipanda kilele kirefu chenye ncha, kikateremka taratibu mpaka chini. Alinifanyisha tena, na tena, kwa kuwa kipimo hakihesabiki mpaka mapigo matatu yawe mazuri na yakaribiane. Nilipomaliza nilikuwa nimeloa jasho, nimelegea, nacheka peke yangu kama mwehu. Tarakimu zilikuwa sawa na zile anazotarajiwa kuwa nazo mwanamke wa umri wangu na urefu wangu, na zaidi kidogo. Hiyo "zaidi kidogo" niliitangaza kempu nzima, na sitakanusha kwamba niliitia chumvi.

Karatasi ilipotoka kwenye printa alinipa, kisha akanihoji ili ajaze fomu. Umevuta sigara? Hapana. Kifua kimewahi kukubana utotoni? Hapana. Nyumbani mlikuwa mkipikia nini?

"Kuni."

"Ndani ya nyumba?"

"Jikoni, chumba cha udongo chenye dirisha dogo."

"Nani alokuwa akipika?"

"Mama."

"Anakohoa?"

Nilitaka kucheka. Kikohozi cha mama cha alfajiri ndicho kilichokuwa kikituamsha kwenda shule. Tulikuwa na jogoo lakini hatukumhitaji. Nikamwambia ndiyo, kila asubuhi, tangu nina akili, ni kikohozi chake tu.

"Hapana kikohozi cha mtu, kila kikohozi kina sababu yake," akasema polepole. "N'ambie, akisema maneno marefu, anafika mwisho bila ya kukata?"

 Nilikuwa nimeusikia ule wimbo. Nilimsikia mama ameinama kwenye mafiga, akifika katikati ya mstari wa tatu, akikata, akivuta hewa, akiendelea, na mimi mtoto nikivuta hewa pamoja naye kwa kudhani ndivyo wimbo ulivyo. Kwa miaka yote niliyobishana na mwalimu wa kwaya nilikuwa nautetea ugonjwa wa mama yangu. Nililia hapo hapo kwenye kiti, karatasi yangu nzuri ikiwa mkononi. Yule mama wa Unguja alifunga mlango, akaketi karibu yangu, akaningoja. Kisha akaniandikia kwenye kipande cha karatasi jina la kipimo, na maneno ya kumwambia daktari wa huko kwetu.

Sir aliipokea karatasi, akasoma, akasema "Mabrouk, yalla, kazini." Nafasi ilikuwa yangu, na niliishukuru, lakini shukrani yenyewe ilikuwa na mguu mmoja nje. Usiku na mchana nilikuwa kwenye simu na wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama. Mama alikataa. Alisema haumwi, ni moshi tu. Nilimwambia mama, moshi ndio ugonjwa wenyewe. Alikubali shingo upande siku nilipomwambia kwamba mimi nami nimepimwa, nikaanguka mara ya kwanza, nikafaulu mara ya pili. Mama hakupenda kushindwa na mtoto wake.

Siku ya kipimo chake nilikuwa tena Al Rigga, nimekuja kuchukua nakala ya karatasi yangu hospitalini. Wifi alinipigia simu ya video kwa ile programu moja inayokubali huku, maana nyingine zimefungwa. Nilisimama kivulini mbele ya duka la viatu. Mama alikuwa kwenye kiti cha hospitali ya wilaya, kitambaa kipya kichwani, pua imebanwa, na mbele yake kijana mpimaji aliyekata tamaa. Alikuwa amepuliza mara mbili, wifi akaniambia, kama mtu anayepoza uji wa mgeni. Mama hawezi kumtemea kijana wa watu pumzi usoni. Anaona haya.

"Mpe mama simu aione sura yangu," nikamwambia wifi.

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti. Kwetu jambo hilo halifanywi, hata ukiwa na wajukuu. Lakini siku ile, katikati ya barabara ya Deira, watu wakipita na mifuko yao, nilijaza kifua nikapiga ukelele kwa lugha yetu ya nyumbani. "Mama, vuta! Jaa! Sasa piga! Toa, mama, toa, usiwabakizie! Bado! Bado! Bado!" Watalii waligeuka. Muuza viatu, mzee wa Kipakistani, alitoka nje akidhani nimeibiwa, akaniona, akarudi ndani, akaleta stuli na chupa ya maji akaviweka karibu yangu. Mama, kwa woga au kwa mshangao wa kufokewa na bintiye, alipuliza. Alipuliza kweli. Nilimwona akitetemeka mabega, macho yamemtoka, mate yakiruka, na kijana mpimaji akiruka naye.

Mchoro wake haukuwa kama wangu. Kilele kilikuwa kifupi, kisha mstari ukalala chini, ukajikokota. Safari hii haikuwa adabu iliyoichelewesha hewa. Walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakamngoja kama robo saa, wakampima tena, na mstari ukapanda kiasi. Daktari hakutudanganya. Alisema njia zilizokunjamana kwa moshi wa miaka mingi hazirudi kuwa mpya, lakini zinaweza kufunguliwa, na hazitazidi kuharibika ikiwa moshi utakoma, akampa dawa ile ya kuvuta aende nayo nyumbani. Kaka yangu alihamisha mafiga siku hiyo hiyo, akayajengea kibanda nje kisicho na ukuta wa mbele. Mama alinung'unika kwamba sasa majirani wanaona anachopika.

Cheti changu nilikipata. Nilimpelekea yule mama wa Unguja picha ya cheti hicho na pakiti ya majani ya chai ya kwetu, akainusa pakiti, akasema hii haijawahi kukaa kiatuni. Nilijaribu kumshukuru vizuri nikashindwa. Nilisema tu, "Mama, asante," naye akasema, "Haya, nenda, wenzako wanangoja nje kupuliza."

Kama miezi minne baadaye tulikuwa kwenye mazoezi ya ngazi, mtungi mgongoni, kofia kichwani. Wakati wa kupumzika nilitoa simu nikakuta wifi amenitumia sauti ya mama. Hakuwa na salamu. Alianza kuimba tu, wimbo ule, sauti yake imekwaruza kidogo kwa uzee. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ulipoanza nilikishika kifua changu, nikangoja pale mahali pake, na bila kutaka mimi mwenyewe nikavuta pumzi.

Mama hakuvuta. Alipita.

Aliendelea hadi mwisho wa mstari, akafika, ndipo nikamsikia akivuta hewa, ndefu, ya mtu ambaye hana haraka nayo. Kisha akamwambia wifi, "Sasa zima hiyo simu, asije akasema namsumbua kazini."

Niliketi kwenye ngazi na mtungi wangu mgongoni, nikairudia sauti ile mara tatu. Mara zote tatu nilivuta pumzi mahali pale, peke yangu.